Ukurasa Usioazimwa

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya mapumziko, mwalimu wa Kifaransa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia darasa la sita. Wanafunzi walimkuta amekwisha kufuta ubao, amefungua madirisha mawili ya upande wa uwanjani, na ameweka kamusi juu ya meza ya mbele. Kamusi yenyewe ilikuwa moja tu kwa watoto ishirini. Jalada lake lilishonwa kwa uzi wa viatu, na kurasa za herufi ya mwisho ziling'oka zamani, kwa hiyo watoto walisema kwamba katika darasa lao hakuna kitu kinachoanza na herufi hiyo.

Mwalimu huyo walimwita Polepole, naye hakulichukia jina hilo. Mtoto akikwama katikati ya sentensi, alimwambia, "Polepole," kisha akaweka mikono nyuma na kusubiri. Alisubiri kweli. Wengine walisema huko mgongoni alikuwa akihesabu vidole mpaka kumi, na vikiisha anaanza upya. Jambo moja hakulifanya hata siku moja: hakumjibia mwanafunzi swali.

Alijifundisha lugha hiyo mwenyewe. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kupakua maboksi ghalani, na maboksi yale yalikuwa yameandikwa Kifaransa. Alianza na maneno ya kwenye maboksi: shika kwa uangalifu, usiloweshe, upande huu juu. Baadaye akaongeza redio, akaongeza vitabu vya kuokota huku na huku, mpaka akaweza kufundisha wengine. Cheti kikubwa hakuwa nacho, na shule ilimwajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi alitenga ukurasa mmoja mwishoni mwa daftari, akaandika juu yake: Mimi. Kila wiki aliruhusiwa kuongeza sentensi moja. Sharti iwe ya kweli, maneno yake ayatafute mwenyewe kwenye kamusi, na kabla ya kuiandika aiseme mbele ya wenzake daftari likiwa limefungwa.

"Na ukurasa huu ni kama mswaki," Mwalimu alisema siku ya kwanza. "Hata ndugu yako wa tumbo moja humwazimi."

Darasa zima lilicheka, na tangu siku hiyo ukurasa ukaitwa mswaki.

Kwenye dawati la tatu karibu na dirisha alikaa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye wenzake walimwita Kimya. Zamani hakuwa hivyo. Miaka miwili nyuma baba yake, fundi umeme, alianguka kazini na hakuamka tena. Baada ya mazishi mtoto yule alianza kusema maneno machache, na maneno mawili hakuyasema kabisa. Mtu asiyejua akimwuliza, "Baba hajambo?" yeye aliangalia viatu vyake mpaka mtu huyo aondoke.

Kisha wiki moja alikaa na ile kamusi mapumziko mawili mfululizo. Siku ya Ijumaa akasimama, daftari limefungwa, akasema kwa Kifaransa, "Baba yangu amefariki."

Katika lugha ya nyumbani maneno hayo yalikuwa na sauti za watu waliokuja msibani. Katika lugha ile ngeni yalikuwa maneno tu, mapya, hayajawahi kulowa machozi. Ndiyo maana aliweza kuyainua.

Mwalimu Polepole hakusema "vizuri", wala hakusema "pole". Alimwambia tu, "Iandike."

Wiki iliyofuata Kimya aliongeza, "Alikuwa fundi umeme." Iliyofuata tena akaongeza, "Ngazi yake bado imesimama nyuma ya nyumba yetu." Kufikia mwisho wa muhula wa pili alikuwa na sentensi kumi na nne. Wengi wa wenzake walikuwa nazo tatu, maana kutafuta maneno kulikuwa na jasho, na uwanja wa mpira ulikuwa karibu.

Ijumaa moja Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwenye hatua fupi za haraka, aliingia darasani bila kukaa.

"Jumatatu mkaguzi wa elimu atakuja," alisema. "Kila mmoja wenu atasimama aongee habari zake kwa Kifaransa, dakika moja, bila daftari. Jumatano kamati ya shule itakaa iamue kama somo hili liendelee. Likifutwa, mwalimu wenu ataondoka. Sina la kuongeza."

Alipotoka, Mwalimu Polepole aliifunga kamusi, akaiweka kabatini, akageuza ufunguo.

"Msiogope," alisema. "Semeni mlicho nacho. Mwenye sentensi tatu aseme tatu, akae. Tatu za kweli zinatosha."

Lakini watoto hawakuamini kwamba tatu zinatosha. Baada ya masomo walimzunguka Kimya nyuma ya tangi la maji. Mbele yao alikuwa mvulana aliyeitwa Spika kwa sababu ya sauti yake. Hata akinong'ona, darasa la jirani lilisikia. Baba yake ndiye aliyekuwa bawabu wa shule.

"Kimya, una sentensi ngapi?" Spika aliuliza.

"Kumi na nne."

"Mimi tatu. Jina langu, umri wangu, na napenda mpira. Hapo hata nikisema kwa kukokota, sekunde kumi hazifiki. Tugawie."

"Mswaki hauazimwi."

"Sawa," alisema Mrefu, msichana aliyekaa naye dawati moja. "Tukae na miswaki yetu, Mwalimu afukuzwe. Halafu ukiulizwa nani kamfukuza, sema ni ubahili wako."

Neno hilo lilimwingia Kimya kama mwiba. Alimfikiria Mwalimu akitoka getini na begi lake, na mikono isiyo na mtu wa kumsubiri. Akafungua mkoba, akatoa daftari.

"Lakini mbadilishe," alisema. "Kila mtu aweke ya kwake."

"Tutabadilisha," walijibu kwa pamoja, kama watu waliokwisha kusahau walichoahidi.

Siku mbili zile daftari lilizunguka nyumba kwa nyumba, na watoto kumi na wawili walinakili. Kubadilisha sentensi kunahitaji maneno, na maneno yalikuwa kabatini shuleni, yamefungwa kwa ufunguo. Basi walibadilisha walichoweza, jina na umri. Zilizobaki walizikariri kama wimbo, bila kujua wamebeba nini. Spika alijua kwamba sentensi ya nne ilimhusu baba. Alidhani inasema baba yuko kazini.

*

Mkaguzi alikuja kwa miguu, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Getini alisimama kidogo kumsalimia bawabu.

"Mwanangu yumo humo ndani, mama," bawabu alimwambia, akifungua geti kwa mikono miwili. "Kifaransa kinamtoka kama maji ya bomba."

"Basi nitamsikiliza," mkaguzi alisema, akatabasamu.

Darasani alipewa kiti cha mbele. Mwalimu Polepole alisimama nyuma, karibu na kabati, maana hakuruhusiwa kusema neno. Watoto wa kwanza watano walisema sentensi zao tatu au nne, wakijikwaa, na mkaguzi aliitikia kwa kichwa taratibu kila walipoinuka tena. Akasimama Mrefu.

Mrefu alianza vizuri. Alisema jina lake, umri wake na mtaa anaokaa. Kisha akasema kwa Kifaransa safi, "Baba yangu amefariki. Alikuwa fundi umeme. Ngazi yake bado imesimama nyuma ya nyumba yetu."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Pole sana, mwanangu," alisema.

Mrefu hakujua anapewa pole ya nini. "Asante," alijibu, akaendelea.

Aliyemfuata naye baba yake alikuwa amefariki, naye alikuwa fundi umeme. Wa tatu alipoiegemeza ngazi nyuma ya nyumba yao, mkaguzi alivaa miwani na kuanza kuandika. Kimya alitazama nyuma. Mwalimu Polepole alikuwa akimwangalia yeye. Hakukunja uso. Aliitazama tu ile ngazi ya Kimya ikipitishwa mkono kwa mkono.

Zamu ya Spika ilipofika, sauti yake ilifika mpaka ofisini. Alimaliza sentensi zote kumi na nne bila kuvuta pumzi, akatazama kulia na kushoto kama mfungaji wa goli.

"Baba yako ni nani?" mkaguzi alimwuliza kwa lugha ya nyumbani.

"Bawabu wa hapa shuleni, mama."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Getini."

"Umeniambia sasa hivi kwamba amefariki."

Spika alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, hakuna kilichotoka. Wawili watatu nyuma walicheka, kisha wakaona uso wa Mwalimu, wakaacha.

Watoto waliobaki waliendelea kusimama na kukaa. Wengine hawakuthubutu kufika sentensi ya nne, wengine ulimi uliwatangulia. Mwisho kabisa akasimama Kimya.

Alisema jina lake. Alisema umri wake. Alisema mtaa wake. Kisha akasema, "Baba yangu amefariki."

"Na wewe pia," mkaguzi alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka. "Na ngazi iko nyuma ya nyumba?"

"Ndiyo, mama. Ipo."

"Inatosha. Kaa."

Akafunga faili.

Kimya alikaa. Maneno yale aliyoyatafuta mapumziko mawili, neno kwa neno, kidole kikishuka kwenye ukurasa, sasa hayakuwa na uzito hata wa unyoya. Alikuwa ameyagawa, na alipoyahitaji yeye mwenyewe hakuna aliyeyaamini.

Baadaye alitumwa kurudisha chaki ofisini. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Watoto chungu nzima, mayatima wa baba mmoja," mkaguzi alikuwa akisema. "Nani aliyewakaririsha, Mwalimu?"

Mwalimu Polepole aliweka mikono nyuma. Kisha akasema, "Darasa ni langu, Bi Mkaguzi. Kilichotoka humo ni changu."

"Hilo si jibu la swali langu."

"Ndilo nililo nalo leo."

Kimya aliweka chaki dirishani, akaondoka kwa kunyata.

*

Jumanne haikuwa siku ya Kifaransa, lakini Mwalimu Polepole aliomba dakika kumi za mwisho wa kipindi cha hesabu. Hakuja na kamusi. Alisimama mbele ya ubao, akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, na hakumtazama yeyote zaidi ya mwenzake.

"Kuna mtu ana la kusema?" aliuliza.

Akaweka mikono nyuma.

Nje mtu alikuwa akifagia. Spika alikuna dawati kwa ukucha. Mrefu alitazama dari. Kimya aliangalia viatu vyake. Alijua Mwalimu anajua. Alikuwapo siku sentensi ile iliposemwa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyesema iandike. Angeweza kunyoosha kidole na kusema, ni huyu. Hakunyoosha. Alisubiri, vidole kumi, na kumi tena, na kumi tena.

Kengele ikalia.

"Haya," alisema polepole. "Kwaherini."

Jumatano kamati ilikaa. Alhamisi asubuhi ratiba mpya ilibandikwa nje ya ofisi, na mahali palipoandikwa Kifaransa sasa paliandikwa Kujisomea. Mkataba wa Mwalimu ungekwisha mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo, Spika alisikia kwa baba yake kwamba taarifa ya mkaguzi ilisema mwalimu huyu anafundisha watoto kusema uongo, na mwenye taarifa kama hiyo hapati kazi shule nyingine.

Alasiri ile Kimya alimkuta bawabu nyumbani kwao. Mama yake alikuwa mshonaji, na bawabu alikuwa ameleta suruali ya kazi itiwe kiraka.

"Shikamoo," Kimya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unamsalimia marehemu," bawabu alisema, akamgeukia mama. "Umesikia, dada? Mwanangu amenizika mbele ya serikali, na mimi niko getini nawafungulia mlango. Tena kanipa ufundi umeme. Mimi hata balbu naogopa kugusa."

Alicheka peke yake, akaaga, akaenda. Mama hakucheka. Gurudumu la cherehani lilizunguka kidogo, kisha likasimama.

"Anasema watoto wote walitaja ngazi," mama alisema bila kugeuka. "Ngazi nyuma ya nyumba. Ni ngazi ya nani hiyo?"

Kimya aliegemea mlango. Kupitia dirisha la nyuma aliiona, imeegemea ukuta, vidato viwili vya chini vimeanza kuoza.

"Ni yetu, mama. Ule ukurasa ni wangu. Mimi ndiye niliyewapa."

"Uliandika habari za baba yako?"

"Ndiyo."

"Uliandika nini?"

Kimya alianza kuisema kwa Kifaransa. Mama akainua mkono.

"Mimi hicho sikijui. Niambie nami nisikie."

Ilichukua muda mrefu. Mama hakumharakisha.

"Baba amefariki," Kimya alisema.

Mama aliacha kitambaa kikaanguka. Akamvuta mtoto wake, akamkumbatia pale pale kati ya cherehani na ukuta. "Ndiyo, mwanangu," alisema. "Amefariki. Miaka miwili nimengoja uniambie." Wakalia wote wawili, kilio ambacho mtoto alikuwa bado anadaiwa na siku ya mazishi.

Walipotulia, mama aliuliza, "Na Mwalimu anajua ni ukurasa wako?"

"Anajua."

"Na hajakutaja?"

"Hajanitaja."

Mama alifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Mtu akikubebea mzigo bila kukuuliza, humwachi aubebe mpaka jioni. Wewe umemwacha siku nne. Kesho asubuhi tunakwenda."

*

Walianza kwa Mwalimu Mkuu, naye akawaelekeza ofisi ya elimu. Walikaa kwenye benchi la mbao mpaka jua likafika miguuni mwao. Hatimaye mkaguzi akawaita.

Kimya alisema yote akiwa amesimama: daftari, tangi la maji, watoto kumi na wawili. Mama hakumsaidia hata neno.

Mkaguzi alisikiliza, kalamu mkononi. "Nitajuaje kwamba hili nalo hukulikariri?" aliuliza. "Niambie kwa Kifaransa. Hili la leo."

Hakukuwa na ukurasa wa jambo hilo. Kimya alitafuta kichwani maneno aliyokuwa nayo, machache, mengine hayakufaa. "Mimi nilitoa," alisema kwa lugha ile. "Wao hawakuwa na maneno. Mwalimu hakujua. Mwalimu alisema hapana. Mimi niliogopa. Baba yangu... ni kweli."

Mkaguzi alivua miwani, akaiacha ining'inie.

"Siku ile nilifunga faili wewe ukisema kweli," alisema. "Mtu mzima hutakiwa kusikiliza mpaka mwisho, nami sikusikiliza. Nisamehe, mwanangu." Kisha akamtazama mama. "Jumatatu nitarudi."

Alirudi kweli. Watoto walisimama tena mmoja mmoja, na safari hii kila mmoja alikuwa na mswaki wake. Kilikuwa Kifaransa cha kuchechemea. Mrefu alisema sentensi nne, mbili zimepinda. Spika alisema jina lake, umri wake, na kwamba anapenda mpira, kisha akaongeza moja aliyoitafuta asubuhi hiyo hiyo, kwa sauti iliyovuka uwanja: "Baba yangu yu hai, yuko getini." Mkaguzi alilazimika kugeukia dirisha ili asicheke mbele ya wanafunzi.

Kimya alisema zote kumi na nne. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mkaguzi alimwambia, "Pole sana, mwanangu," na safari hii pole ilimfikia mwenyewe.

Taarifa mpya iliandikwa siku hiyo hiyo. Ilisema mwalimu huyu hafundishi watoto kukariri, bali kusema lililo lao, na kwamba kosa lililotokea lilikuwa kinyume cha mafundisho yake. Mwalimu Mkuu aliisoma mara mbili, akaivua miwani yake naye.

"Jina lake limesafika," alimwambia Kimya wiki iliyofuata. "Shule moja ya mbali imekwisha kumwita kwa sababu ya taarifa hii."

"Kwa nini asibaki hapa?"

"Kamati ilikaa Jumatano, mwanangu. Vipindi vimegawiwa, na nafasi yake imefungwa mpaka mwakani, au mwaka wa baada ya huo. Kama taarifa hii ingekuwapo Jumanne..." Hakumaliza. Hapakuwa na haja.

*

Ijumaa ya mwisho wa mwezi Mwalimu Polepole alipewa nusu saa ya kuaga. Alifuta ubao, akafungua madirisha mawili, akaiweka kamusi juu ya meza, kama siku zote. Begi lake lilikuwa karibu na mlango.

Kimya alisimama bila kuitwa. "Mwalimu, siku ile ya Jumanne ulijua ni mimi. Kwa nini hukunitaja?"

"Sijawahi kumjibia mwanafunzi swali," Mwalimu alisema.

"Ningesema siku ile, ungebaki."

Aliweka mikono nyuma, akawaza. Hakuwa mtu wa kusema uongo hata wa kumtuliza mtoto.

"Huenda ningebaki," alisema. "Sikilizeni wote. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri. Mlipovaa maneno ya mwenzenu, ninyi mlibaki uchi, na yeye mkamwacha uchi zaidi. Hilo la kwanza. La pili ni la wewe uliyesimama. Kutoa ukurasa ulidhani ni wema, nami nauona wema uliokuwa ndani yake. Lakini kweli ina siku yake. Ikisemwa siku yake, huzuia maji yasimwagike. Ikichelewa, husafisha chombo, lakini maji hairudishi. Hata hivyo iseme. Chombo kisafi si kitu kidogo; mimi nakwenda nacho kazini."

Kimya alilia, na hakuficha uso.

"Mwalimu," Spika alisema, akijitahidi kunong'ona, "wewe una mswaki?"

Mwalimu alicheka kidogo. Akatoa daftari dogo mfukoni, jalada limechakaa, akafungua ukurasa wa mwisho. Mwaka mzima hakuna aliyewahi kuuona. Kwanza alilifunga daftari, kama sharti lake mwenyewe lilivyotaka. Kisha akasema kwa Kifaransa, polepole kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kamusi:

"Nilikuwa na wanafunzi ishirini. Mmoja alichelewa. Lakini alifika."

Akaziandika, akalirudisha daftari mfukoni, akachukua begi lake. Kamusi aliiacha mezani.

Watoto walisimama dirishani. Walimwona akikata uwanja kwa hatua zake zile zile zisizo na haraka. Bawabu alifungua geti kwa mikono miwili, akamshika mkono muda mrefu, kisha akalifunga.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha Kujisomea. Kimya aliivuta kamusi, akaanza kutafuta neno, kidole kikishuka taratibu kwenye ukurasa. Alipolipata alisimama, akasema sentensi yake ya kumi na tano mbele ya darasa lisilo na mwalimu, akakaa, akaiandika.

Spika aliinama kumchungulia begani. "Sikuisikia vizuri. Umeandika nini?"

Kimya alifunika ukurasa kwa kiganja.

"Mswaki," alisema, akamsogezea kamusi.